Maumivu ya kifua: usisubiri wiki ipite

Katika vijiji vya Chamwino ninakofanya kazi, maumivu ya kifua yana majina mengi: gesi, kiungulia, kichomi, uchovu wa jembe. Mara nyingi huwa ni hivyo kweli. Lakini mara nyingine ni moyo, na hapo kukosea kunagharimu uhai.

Utafiti umetuambia nini?

Mwaka 2019, watafiti waliwapima wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wakiwa na maumivu ya kifua au wakikosa pumzi. Waliokutwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, yaani zaidi ya mmoja kati ya watano. Ndani ya siku 30, kati ya 150 waliofuatiliwa, 65 walikuwa wamefariki. Kwa mwaka mzima, vifo vilifika 88 kati ya 147.

Kwa nini wengi hivyo? Sababu moja iko nyumbani kwetu: kwa wastani, wagonjwa hao walikuwa wamekaa na dalili zaidi ya siku 6 kabla ya kufika. Nyingine iko kwetu watoa huduma: chini ya robo yao ndio waliopewa aspirini pale dharura.

Msuli wa moyo una mishipa yake ya damu. Donge la damu likiziba mshipa mmoja, sehemu ya msuli huanza kufa ndani ya muda mfupi. Dawa za kuyeyusha donge hufanya kazi vizuri zaidi katika saa za mwanzo. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa inazibua mishipa ya moyo, lakini msuli uliokwisha kufa haurudi.

Dalili za kutilia maanani

- Kifua kubana au kulemewa kwa zaidi ya dakika chache
- Maumivu kwenda kwenye mkono, taya, shingo au mgongo
- Kukosa pumzi, jasho jembamba, kizunguzungu
- Kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida. Kwa wanawake na wenye kisukari, haya yanaweza kutokea bila maumivu makali ya kifua.

Ufanye nini?

Mkalishe mgonjwa, asitembee wala kuendesha pikipiki. Mpelekeni mara moja kwenye kituo cha afya au hospitali, hata kama ni usiku. Mkifika, semeni wazi: "Tunaogopa ni moyo," na saa dalili zilipoanza. Ulizeni kama kipimo cha umeme wa moyo kinapatikana. Mwambieni mhudumu kama mgonjwa ana mzio wa aspirini au vidonda vya tumbo.

Namba 115 ya m-mama ni kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa babu au bibi, familia inapaswa kupanga usafiri mapema: gari la nani, simu ipi, akiba kiasi gani.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mwenye presha, kisukari, mafuta mengi kwenye damu, anayevuta sigara, au mwenye ndugu wa karibu aliyepata mshtuko wa moyo mapema. Mama, kama ulipata presha ya mimba au kifafa cha mimba, hatari yako ya ugonjwa wa moyo baadaye ni kubwa zaidi. Mwambie mhudumu, na upime presha angalau mara moja kwa mwaka hata kama mtoto ameshaanza shule.

Jikoni, punguza chumvi. Kumbuka kwamba magadi ya kwenye mlenda na maharage nayo yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi.

Aliyepona mshtuko wa moyo asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Dawa zikikaribia kuisha, mkumbushe arudi kliniki. Wewe unayeishi naye ndiye utakayeona kopo limebaki tupu.