Maji ya Mvua Hayana Halmashauri

Kila mwaka, miezi ya ukame inapokwisha mkoani Singida na mvua kuanza kunyesha Novemba au Desemba, mambo huwa ni yale yale. Makorongo yaliyokuwa makavu hufurika kwa saa chache. Barabara za vijijini hukatika, watoto wa shule hukwama ng'ambo wakisubiri maji yapungue, na vyoo vya mabondeni hujaa. Ndipo wakubwa huitana, hukagua uharibifu, kisha kila halmashauri hurejea ofisini kwake kupanga mtaro wake. Mtaro huo huishia mpakani. Maji huendelea na safari.

Yafaa hali ya mkoa huu ieleweke barabara, hasa na wale waliokabidhiwa dhamana ya fedha za umma. Dar es Salaam ikiyasukuma maji yake, bahari ipo ya kuyapokea. Singida haina bahari, na sehemu kubwa ya mkoa imo katika Bonde la Kati, ambamo mito huishia katika maziwa na mbuga za bara. Maji ya Manispaa ya Singida na ya vijiji vya jirani huteremka juu ya miamba na kuingia maziwa ya Singidani na Kindai. Maji ya nyanda za juu za Iramba huporomoka kwenda mbuga ya Wembere na ziwa Kitangiri, na kutoka hapo mto Sibiti huyapeleka ziwa Eyasi. Maji ya mashariki ya Manyoni hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi, mkoani Dodoma. Kwa hiyo halmashauri inayojigamba kuwa imeyaondoa maji haikuyaondoa hata kidogo. Imeyahamishia kwa jirani, pamoja na mchanga, taka na hasara.

Mkoa una halmashauri saba: Manispaa ya Singida, Singida Vijijini, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Mipaka yake iliwekwa ili wananchi wahudumiwe kwa karibu. Haikuwekwa ili iwe kichaka cha kujifichia pale mtendaji anapoulizwa kwa nini mazao ya mkulima wa chini yamezama.

Visingizio ni vingi. Cha kwanza ni kwamba mitaro si kazi ya halmashauri. Ni kweli kuwa tangu 2017 barabara za wilaya na za mijini ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Vyanzo vya maji vinasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo makao yake yako hapo hapo Singida. Taka zinazoziba mitaro hubaki mikononi mwa halmashauri. Hivyo mtaro mmoja una wazazi wanne, na bado ni yatima. Anayejenga kalavati hushughulika na usalama wa barabara yake, na maji yakishapita chini yake hayamhusu tena. Anayehusika na shamba, shule na zahanati iliyo upande wa pili ni serikali ya mtaa. Hawezi kukwepa.

Kisingizio cha pili ni umaskini. Husemwa kwamba halmashauri za vijijini hazina mapato ya kuchangia jambo la pamoja. Lakini fedha zinatoka kila msimu: kurudishia vivuko vilivyochukuliwa na maji, kujenga upya madarasa yaliyobomoka, kununua dawa za magonjwa ya kuhara. Anayelipa gharama ya uharibifu kila mwaka hawezi kudai kwamba hana uwezo wa kulipa gharama ya kinga. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kumbe inawezekana kutenga fedha kwa jambo maalumu, mradi nia iwepo.

Historia ya nchi hii imekwisha kutoa mafunzo ya kutosha. Serikali za mitaa zilipovunjwa mwaka 1972, huduma za miji zilidorora, usafi ukakosa mwenyewe, na kipindupindu kilichozuka mwishoni mwa miaka hiyo kikaonyesha gharama ya uzembe. Halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40. Na mto Msimbazi, unaofurika huko mara kwa mara, huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe na kupita mipaka ya mamlaka kadhaa kabla ya kufika baharini. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa uliizamisha Kilosa na kukata reli ya kati, ilhali sehemu kubwa ya maji yake ilitoka juu, mkoani Dodoma. Mji wa Kilosa peke yake ungeweza kufanya nini?

Kinachotakiwa Singida si miujiza. Halmashauri zinazochangia bonde moja la maji ziunde kamati ya pamoja, yenye wahandisi, maofisa kilimo, maofisa afya na wawakilishi wa TARURA, TANROADS na Bodi ya Bonde. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imekwisha kuweka msingi wa kupanga mambo kwa bonde badala ya kwa wilaya. Uundwe mfuko mmoja, na kila halmashauri ichangie kwa vigezo vilivyo wazi: ukubwa wa eneo linalotiririsha maji, idadi ya watu, na uwezo wa mapato. Manispaa, yenye mabati, lami na maduka mengi, itoe fedha zaidi. Vijiji vya juu vichangie kwa kazi: makinga maji mashambani, upandaji miti na kuacha kulima kandokando ya makorongo. Hesabu zisomwe hadharani katika kila baraza la madiwani, maana mfuko usiosomwa hugeuka shamba la bibi.

Kadhalika, jambo hili lisitazamwe kwa jicho la hasara tu. Maji yanayovunja madaraja mwezi Februari ndiyo yanayotafutwa kwa tochi mwezi Septemba, ng'ombe wanapokonda na akina mama wakisafiri mbali na ndoo zao. Mtaro uliopangwa vizuri huishia kwenye lambo. Mkoa mkavu unaoyaacha maji yake yapotee kwa kugombana juu ya mipaka unajidhulumu wenyewe.

Watumishi wa serikali wasingoje waraka kutoka Dodoma. Wakurugenzi wanakutana katika Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Ajenda hii na iwekwe mezani kabla ya bajeti kufungwa. Walimu nao wana nafasi yao: wanayajua makorongo ambayo wanafunzi wao huyavuka, na wanaweza kuwafundisha vijana kusoma mwelekeo wa maji ya kijiji chao kama wanavyosoma ramani ya dunia.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mvua ijayo haitauliza ni diwani wa kata gani aliyepitisha bajeti. Itateremka kama ilivyoteremka siku zote, na itazikuta halmashauri za Singida ama zimeungana, ama kila moja ikiwa na jembe lake, ikimchimbia jirani shimo.