Majina 26 kwa lupango la kanisa



Huko Silkstone, kijiji cha Uingereza upande wa Yorkshire, kuna kanisa la zamani la Watakatifu Wote. Ndani ya lupango lake kunasimama jiwe la ukumbusho la mwaka 1841. Limeandikwa majina 26. Yote ni ya watoto waliofanya kazi mgodini.

Ilikuwa tarehe 4 Julai 1838. Mvua kali ilizima masini iliyopandisha watu kutoka mgodi wa makaa ya mawe wa Huskar. Watoto wakachoka kungoja, wakashika njia ndogo ya kupitisha hewa. Kijito kikafurika, maji yakaingia kwa nguvu na kuwabana kwenye mlango. Wasichana 11 na wavulana 15 wakafa, wengine wa miaka 8 tu. Walizikwa katika makaburi 7. Elizabeth Clarkson wa miaka 11 alilazwa miguuni pa kaka yake James, wa miaka 16.

Inchi yote ikashituka. Sheria ya mwaka 1842 ikakataza wanawake, wasichana, na wavulana wasiofika miaka 10 kushuka mgodini.

Sisi wa migodi tunajua: mtoto akienda kuchimba ao kuosha mawe, leo nyumbani kunapatikana unga. Wazazi wa Silkstone nao walijua njaa. Lakini mzazi, jina la mtoto wako unataka kulisoma wapi: kwenye daftari la masomo ao kwenye jiwe?