Fundi Ajenge, Hati Ibaki Kwako

Wadau, vijana wa kwetu Manchira, pale jirani na Mugumu, wananiuliza tena: tovuti ni shilingi ngapi? Wana kikundi, wana asali, na kila msimu wanaona magari ya watalii yakielekea Serengeti. Wanataka mgeni awajue kabla hajapanda ndege huko kwao. Swali zuri. Ila kabla ya bei kuna swali kubwa zaidi: itaandikwa kwa jina la nani?

Ukinunua kiwanja Mugumu, fundi anajenga, anaezeka, unamlipa, anaondoka. Hakuna mwenye akili timamu anayemwachia fundi hati. Lakini kwenye tovuti tunafanya hivyo kila siku! Kijana mjuzi anasajili domeni, yaani ile anuani ya .co.tz au .com, kwa jina lake na barua pepe yake. Nywila anazo yeye. Mwaka ukipita kapata kazi Dar, kabadilisha namba ya simu, na taarifa ya kulipia upya inaingia kwenye barua pepe ambayo kikundi hakiioni.

Na domeni huimiliki milele, unailipia kwa mwaka au miaka. Kwa .com, muda wa kawaida wa kulipia ukishapita na jina likafutwa, zinabaki siku 30 za kulikomboa kwa bei ya kuumiza, kisha siku 5, halafu linarudi sokoni. Anayeliokota mara nyingi ni mtu wa kamari. Mgeni anatafuta asali, anakuta mashine za kubahatisha. Na jina hilo hilo mmeshalichapa kwenye vibandiko vya chupa!

Kwa hiyo jisajilini wenyewe. Fungueni barua pepe ya kikundi, nywila wajue watu wawili, namba ya simu iwe ya kikundi. Lipieni miaka miwili au mitatu kwa mpigo mkiweza.

Seva iko Dar au Ujerumani? Mafundi wanapenda sana kubishana hapo. Mimi naona cha maana ni nakala. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na Tanzania intaneti ikawa ya kusuasua. Aliyekuwa na kila kitu ng'ambo alikaa akisubiri. Yahoo nao walipoifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa za watu wengi zilikwenda na maji. Pakueni tovuti nzima kila mwezi, wekeni kwenye flashi, na mjaribu kuifungua. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu.

Kuanza bure si vibaya. Ndesanjo Macha alituonyesha njia kwa Jikomboe mwaka 2004, Michuzi akafuata 2005 kwenye Blogspot, na taifa zima likasoma. Ukurasa wa Facebook nao unaita wateja. Ila cha kuazima hakisitiri maungo: siku mwenye mtandao akifunga akaunti yenu, hamna ofisi ya kwenda kugonga mlango.

Jingine ni picha. Picha moja toka kwenye simu ni MB 4 au zaidi. Wekeni kumi, mteja kala MB 40 za bando kabla hajaona bei. Zipunguzeni, kila moja isizidi KB 200, na jicho halitaona tofauti. Ile kufuli ya usalama kwenye anuani inapatikana bure kupitia Let's Encrypt tangu mwisho wa 2015, kwa hiyo fundi akiwatoza hela nyingi kwa ajili ya cheti, muulizeni ni cheti gani hicho. Kama mnatumia WordPress, mtu mmoja apewe kazi ya kusasisha programu kila wiki. Wadukuzi hupenda kupita kwenye programu za nyongeza zilizosahaulika.

Na kama hati tayari iko kwa fundi, mpigieni leo, angali anapokea simu. Mwombeni abadilishe jina la mmiliki na barua pepe, awape nywila za seva, na kama ni .com awape msimbo wa kuhamishia. Mlipeni kwa usumbufu wake, na bado mtakuwa mmepata kwa bei rahisi.