Aliyeondoka na Daftari Lake Si Msaliti



Wapendwa wanaparokia, juma hili tunatafakari neno linalosikika mara kwa mara baada ya Misa, kuanzia Minara Miwili hadi Machui: kwamba kijana wetu aliyekwenda ng'ambo kusomea uhasibu, akapata kazi na hatimaye kibali cha ukaazi wa kudumu, ameisaliti nchi na Kanisa lililomlea. Neno hilo tunalikataa.

Kwanza, tukumbuke tunasali wapi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na wamisionari wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa kati ya 1893 na 1898. Kwa miongo mingi mabenchi yake yalijazwa na Wagoa, watu waliovuka bahari kuja kuwa makarani, watunza hesabu, washonaji na waoka mikate wa mji huu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wao waliondoka tena, wakaelekea Uingereza, Kanada na kwingineko. Ikiwa kuhama kwa ajili ya kalamu na daftari la hesabu ni usaliti, basi imani ya Mji Mkongwe ililelewa na wasaliti. Nani atathubutu kulitamka hilo mbele ya altare ile?

Pili, mafundisho ya Kanisa yako wazi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa 1981, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kuiacha nchi yake akitafuta maisha bora, na haki ya kurejea. Wala hakuficha kwamba nchi inayoachwa hupata hasara. Hayati Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji wa 2023, alikazia kwamba mtu awe huru kuchagua kuhama au kubaki. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu, kwa maana aliyezuiwa kubaki hakuchagua kuondoka.

Tujiulize basi: mhasibu mwaminifu anabakije? Anatakiwa kutia sahihi bidhaa asizozihesabu na posho za semina isiyofanyika. Akikataa, huambiwa ana maringo. Akishikilia msimamo, mkataba wake hauongezwi. Mwajiri anayetenda hivyo, hata kama hupokea Ekaristi kila Jumapili, ndiye aliyemfukuza kijana huyo nchini. Mbele yake tunanyamaza. Anayeondoka ndiye tunayemsema.

Wala ng'ambo si mteremko. Huko Kanada, kwa mfano, katika mpango wa wahamiaji wenye ujuzi mwombaji hupimwa kwa umri, elimu, lugha na uzoefu, na cheti chake hutathminiwa upya. Akishapata ukaazi wa kudumu, masharti humtaka awe ameishi huko siku zisizopungua 730 katika miaka mitano. Ukaazi huo si uraia. Yeye angali Mtanzania. Na katikati ya baridi ile simu hulia: mabati, ada, matanga. Wanaomwita msaliti Jumapili ndio wanaomwomba fedha Jumatatu.

Kwa hiyo twasema bila kumung'unya maneno. Wazazi, msimgeuze mtoto kuwa akaunti ya benki. Waajiri, lipeni ujira wa haki, na msimlazimishe mtu kuandika uongo. Viongozi wa jumuiya ndogondogo na vikundi vya kuweka akiba, someni mapato na matumizi hadharani, tena waiteni vijana wenye taaluma wavikague vitabu. Nanyi mlio mbali, tafuteni parokia huko mliko, mkawe wahasibu wasionunulika. Hiyo nayo ni injili.

Bwana alimwita Mathayo kutoka meza ya ushuru, wala hakumwuliza kwanza anaishi kwa kibali gani. Lakini katika mfano wa wakili, bwana mwenye mali aliidai hesabu. Sisi tuliobaki nasi tutadaiwa yetu, pamoja na hesabu ya kila mwaminifu tuliyemchosha hadi akafunga mizigo.

Mungu awabariki.