Kisa cha Tembo, au: Acheni Kukariri Usaili

Wapo vijana wenzangu wa Tarime na Serengeti, waliorudi na digrii zao kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, ambao ukiwauliza wanajiandaaje kwa usaili watakutolea karatasi. Karatasi za fotokopi zilizokunjika pembe, maswali upande huu, majibu upande ule. "Udhaifu wako ni upi?" Jibu limo, neno kwa neno. Wanalikariri kama tulivyokariri mito ya Amerika.

Mimi ni wa kidato cha nne, mwandishi wa riwaya ambayo bado haijapata mchapishaji, na kazi wanazozitafuta hao hazinihusu. Lakini jioni huniita niwe msaili wao, kwa kuwa eti nina maneno mengi. Basi nimekaa kwenye kiti cha msaili miezi kadhaa sasa, nina la kusema, na atakayenuna anune.

Baadhi yao wanautaka ushauri mwelekezi. Ni kazi ya watu wanaolipwa kuambia kampuni na serikali zifanye nini. Kampuni kubwa za kazi hiyo, kama McKinsey iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926, na BCG iliyoanzishwa Boston mwaka 1963, zina ofisi hata Nairobi hapo jirani. Hizo haziishii kukuuliza habari zako. Zinakupa kisa. Naam, kisa! Kiwanda fulani kinapata hasara, au benki fulani inataka kuingia vijijini. Una kama nusu saa, kalamu na karatasi, fikiri kwa sauti tukusikie. Jibu moja lililofichwa kwenye droo ya msaili mara nyingi halipo. Wanachotazama ni njia unayopita.

Sasa wewe unayekuja na fotokopi utapita njia gani?

Najua tulikoipata tabia hii. Kwanza shuleni, ambako aliyerudisha maneno ya mwalimu ubaoni ndiye aliyeitwa mwenye akili. Pili, ni wingi wetu. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa Uhamiaji, na nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakapita laki moja. Mtu akiona hesabu hiyo, usaili kwake unakuwa bahati nasibu, na karatasi inakuwa hirizi. Namwelewa. Ila hirizi hiyo inauzwa, jamani, na wanaoiuza hawajawahi kukaa upande wowote wa meza hiyo!

Juzi niliwapa kisa cha hapa hapa. Nikasema: kijiji kimoja cha Serengeti, kando ya hifadhi, kinapoteza mahindi kwa tembo kila msimu. Halmashauri imekuajiri. Ushauri wako? Mmoja wao, mwenye digrii nzuri ya biashara, akasimama wima akaanza: "Faida ni mapato kutoa gharama. Nitapunguza gharama na kupanua masoko." Masoko ya nini, ndugu yangu, na mahindi yameliwa? Lile dude alilokariri lilikuwa la kiwanda, na yeye akalivisha tembo.

Angeanza kwa kulirudia swali, ahakikishe amelisikia. Kisha aulize: halmashauri inataka nini hasa, mahindi yaokolewe au watu wasiuawe? Hayo ni mambo mawili, na fedha zake ni mbali mbali. Aombe dakika moja ya kunyamaza (mtu mzima haoni aibu kunyamaza) achore matawi yake. Ekari ngapi zimo hatarini, na ziko umbali gani kutoka mpakani mwa hifadhi? Tembo wanakuja usiku, mahindi yakikaribia kukomaa. Kwa hiyo hatari si ya mwaka mzima, ni ya wiki kadhaa. Nani analala shambani na tochi na debe la kupiga, na kesho yake mtoto huyo anafika shule saa ngapi? Hiyo nayo ni gharama, ingawa haina risiti. Halafu dawa: kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, askari wa wanyamapori, au kubadili zao. Kila moja aipigie hesabu. Na kanuni za serikali za mwaka 2011 azisome, aone zinavyoyaita malipo hayo: kifuta jasho, si fidia. Anayeijua tofauti ya maneno hayo mawili amekwisha kuielewa nusu ya kisa. Mwisho atoe ushauri wake, ule mzito kwanza, sababu nyuma.

Hayo hayahitaji kitabu cha Marekani. Mama anayeuza ndizi Sirari anapokea shilingi ya Kenya, anaigeuza kuwa ya kwetu, anatoa nauli na ushuru, na anajua kama leo amekula au ameliwa, yote kichwani kabla mteja hajafunga mfuko. Anzia kwake. Jiulize pikipiki za mjini Tarime zinakunywa petroli kiasi gani kwa siku. Hujui? Kisia. Sema vijiwe 60, kila kimoja pikipiki 15, hizo ni 900. Kila moja lita tatu, lita 2,700. Lori la tangi la lita 30,000 litakwisha kwa siku kumi na moja hivi. Inaingia akilini? Nenda sheli ukaulize, urudi urekebishe.

Watakuja wale wa kijiweni kusema kazi hizo ni za watoto wa wakubwa, wa shule za ada kubwa. Wana hoja, siwabishii. Mlango ni mwembamba, na usaili wenyewe mara nyingi ni kwa Kiingereza. Hicho itabidi ukifanyie mazoezi kwa sauti, siyo kwa macho. Lakini mawazo yapange kwanza kwa Kiswahili, au kwa Kikurya, au kwa Kingoreme. Ukiyapanga sawasawa yatavuka.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mshauri mwelekezi sisi tunamjua. Nyamongo kwenye mgodi amekuja, vijiji vya kando ya hifadhi amekuja, na dodoso lake na gari lake jeupe. Anauliza maswali yale yale ya kisa: kaya ngapi, ekari ngapi, mnapoteza kiasi gani. Sisi ndio kisa! Kijana wa hapa anakodiwa kutafsiri kwa posho ya siku mbili, kisha ripoti inaandikwa mbali na mtu ambaye hajawahi kusikia tembo akivunja mahindi usiku. Huyo mkalimani wa siku mbili ana digrii. Na nyumbani ana fotokopi.

Jumamosi hii kisa chetu ni mnada wa ng'ombe Mugumu: kwa nini mfugaji anauza kiangazi, bei ikiwa chini, na nani anapata ile tofauti. Njooni na daftari. Zile karatasi njooni nazo pia, kuna jiko la chai la kuwasha.