Kompyuta za Zamani Zina Funzo la Kujitegemea

Huko Marekani na Ulaya, watu waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 na 1980 wameingiwa na hamu ya kukumbuka kompyuta zao za kwanza. Huzungumzia kwa mapenzi mashine zilizohifadhi programu katika kanda za kaseti, na mlio wa modemu, yaani kile kifaa kilichoiunganisha kompyuta na waya wa simu. Wapo wanaoziona kumbukumbu hizo kuwa anasa ya wazee. Hilo ni kosa. Ndani yake mna funzo zito juu ya nani anamiliki chombo cha mawasiliano.

Mwaka 1975 kompyuta ya Altair 8800 iliuzwa Marekani ikiwa vipande, mnunuzi akaiunga mwenyewe. Mwaka 1977 zikafuata Apple II, TRS-80 na Commodore PET, zilizotoka kiwandani zikiwa tayari. Mwezi Februari 1978, baada ya theluji nyingi kuufunga mji wa Chicago, Ward Christensen na Randy Suess walikamilisha ubao wa matangazo wa kwanza wa kompyuta, ulioitwa CBBS. Mwenye modemu alipiga simu, akasoma matangazo ya wenzake, akaacha lake, kisha akakata ili mwingine apate nafasi. Kwani laini ilikuwa moja tu.

Mabwana hao hawakuifanya siri kazi yao. Mwezi Novemba mwaka huo huo walieleza katika jarida la Byte namna walivyoujenga ubao huo. Mbao zikaenea mji hadi mji, nyingi zikiendeshwa na watu waliolipia simu na umeme kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1984 Tom Jennings alianzisha FidoNet, iliyoziwezesha mbao hizo kupigiana simu usiku, bei ilipokuwa nafuu, na kupokezana barua hadi ziwafikie waliokusudiwa. Huo ulikuwa ushirika kwa maana yake halisi, hata kama wenyewe hawakuuita hivyo.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba zama hizo zilikuwa pepo. Commodore 64 ilipotoka mwaka 1982 bei yake ilikuwa dola 595, na asiye na simu nyumbani hakuwa na mlango wa kuingilia. Tanzania yenyewe ilikwisha kuzuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba vizuizi hivyo vilipolegea, katika miaka ya mwanzo ya 1990, ni ufundi huo huo wa FidoNet uliotumiwa na HealthNet kuwafikishia barua na habari za tiba madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Chombo kilichobuniwa kwa gharama ndogo ndicho kilichostahimili simu mbovu.

Leo kijana wa Mwanza au Mbeya ana mfukoni simu yenye nguvu kupita mashine yoyote kati ya hizo. Lakini baraza analozungumzia si lake wala si la jirani yake. Ni la makampuni machache ya ng'ambo, ambayo hupanga lipi lionekane na lipi lifichike, na hujitajirisha kwa matangazo ya biashara anayowekewa mbele ya macho yake. Yakimfungia mlango, hana baraza jingine la kwenda. Mkulima asiye na ghala huuza kwa bei ya mwenye ghala.

Dawa si kuyasusa mawasiliano ya kisasa, wala kurudia modemu za zamani. Linalotakiwa ni vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kuijenga na kuiendesha mitambo, badala ya kuitumia tu. Na vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi na halmashauri vimiliki mitambo yao ya kuhifadhi na kupelekeana habari. Christensen na Suess walianza na vifaa walivyoweza kuvipata, bila kungoja kampuni iwafanyie. Taifa lililotangaza siasa ya kujitegemea mwaka 1967 halina sababu ya kubaki mpangaji katika nyumba ya mawasiliano.