Saa 128 za Wiki Zisizo na Msimamizi

Wiki ina saa 168. Ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri zetu nyingi hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani saa 40. Zinazobaki ni saa 128, zaidi ya robo tatu ya wiki nzima. Hizo ndizo tunazoziita kwa mazoea "nje ya saa za kazi", kana kwamba ni kipande kidogo kilichosalia siku ikishakwisha. Kwa mtoto anayepigwa, anayebakwa au aliyefukuzwa nyumbani, saa za ofisi ndizo kipande.

Makala haya yanahusu usimamizi wa watu wanaowahudumia watoto na vijana katika saa hizo 128. Kinachoitwa huduma ya usiku mahali pengi ni moyo mwema wa mtu mmoja na simu yake ya mkononi. Kwa maoni yangu hiyo haijawa huduma, na kiongozi anayeridhika nayo anamwacha mtoto na mhudumu, wote wawili, peke yao gizani.

Tuanze na hesabu ambayo kila muuguzi wa zamu anaijua. Mtoto aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, mapema iwezekanavyo na si baada ya saa 72. Kisha azitumie kwa siku 28. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo anaweza kupewa dawa za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kadiri zinavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Sasa chukua mtoto aliyetendewa ukatili Ijumaa saa mbili usiku, ambaye familia yake imeambiwa isubiri ofisi ifunguliwe. Hadi Jumatatu saa moja na nusu asubuhi zimepita saa 59 na nusu. Bado kuna nafasi, ingawa nyembamba. Jumatatu hiyo ikiwa sikukuu, ofisi itafunguliwa Jumanne baada ya saa 83 na nusu, na nafasi ya PEP imekwisha. Hapo hakuna mtumishi aliyekusudia ubaya. Ratiba ndiyo iliyofunga mlango.

Msomaji atasema hospitali haifungwi. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo wa usiku humwangukia daktari na muuguzi wa dharura. Lakini dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni swali ambalo haliko katika kabati la dawa: mtoto huyu alale wapi leo, ikiwa aliyemdhuru analala nyumba moja naye? Muuguzi hana mamlaka ya kumtenga mtoto na familia yake. Afisa ustawi wa jamii yuko kwake. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyepata mafunzo huenda naye yuko kwake, na aliyeko kaunta ni mwingine. Basi mwenye wajibu mdogo kuliko wote huachiwa uamuzi mkubwa kuliko wote.

Nao watoto wenyewe si wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ningependa takwimu ya wavulana ibandikwe katika kila chumba cha dharura, kwa kuwa mvulana anayeletwa usiku na jeraha ni nadra kuulizwa zaidi ya "nani alikupiga?"

Utaratibu wetu wa sasa kila mtu anaufahamu. Saa sita usiku muuguzi anapiga simu. "Shikamoo dada, samahani kwa kukuamsha. Nina mtoto wa miaka saba hapa, mama yake anasema hawezi kurudi naye nyumbani." Upande wa pili, baada ya kimya kifupi: "Marahaba, mdogo wangu. Mlaze wodini mpaka asubuhi, nitakuja." Ni jibu la mtu mwema, na pengine ni jibu sahihi. Lakini tazama lilivyosimama. Dada huyo hayuko zamu. Ameitika kwa hiari, na akitoka nauli ya bodaboda ni yake. Akiwa likizo, akiugua, au simu ikiishiwa chaji, wilaya nzima haina ulinzi wa mtoto usiku huo. Uamuzi wenyewe umepita hewani bila kuandikwa. Asubuhi daktari mwingine anapita wodini, anamkuta mtoto hana homa wala kidonda, anaandika aruhusiwe. Afisa ustawi anafika saa nne na kukuta kitanda kitupu.

Uingereza ilijifunza ubaya wa makabidhiano mabovu kwa gharama kubwa. Victoria Climbié, mzaliwa wa Ivory Coast, alichukuliwa na ndugu wa familia aliyewaahidi wazazi kwamba atamsomesha Ulaya. Ahadi ya namna hiyo haihitaji ufafanuzi kwa msomaji wa Kiswahili. Alifariki London mwezi Februari 2000, akiwa na miaka 8, kutokana na mateso ya ndugu huyo na mwanamume aliyeishi naye. Julai 1999 alikuwa amefikishwa hospitalini, waliompokea wakashuku kwamba anateswa, na polisi wakamweka chini ya ulinzi. Kisha daktari wa ngazi ya juu akaona kwamba alama zile ni za upele. Kesho yake mtoto akarudishwa kulekule. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2003, ulihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo huduma mbalimbali zingeweza kuingilia kati na hazikufanya hivyo.

Miongoni mwa mapendekezo ya Laming lipo moja ambalo ningetaka wakurugenzi wetu walisome: kila mamlaka ya mtaa iwe na huduma ya kitaalamu kwa watoto na familia saa 24, siku saba za wiki, na ulinzi wa mtoto usitupwe katika kapu la timu ya jumla inayoshughulikia kila jambo la usiku. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Timu inayopokea mgonjwa wa akili, mzee aliyepotea na familia iliyounguliwa nyumba itamhudumia anayepiga kelele zaidi. Mtoto aliyefundwa kunyamaza atasubiri.

Hatuna watumishi wa kutosha kuiga hayo kama yalivyo, na sidai tuige. Tunachoweza kuiga ni kiini chake: kila usiku awepo mtu mmoja anayejulikana ambaye kazi yake ni kuamua juu ya mtoto, na ambaye hayuko peke yake katika kuamua. Mahali pa kuanzia ni hospitali ya wilaya, kwa sababu kule tayari kuna taa, mlinzi, dawa na kitanda. Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Mnazi Mmoja, Zanzibar, na kile cha Amana, Dar es Salaam, vimeonesha kwamba tiba, polisi, ushauri nasaha na ustawi wa jamii vinaweza kukaa chini ya paa moja. Kinachosalia ni kuhakikisha paa hilo lina watu baada ya saa tisa na nusu.

Msimamizi wa zamu, kwa maoni yangu, asiwe kijana aliyeajiriwa juzi kwa sababu tu hana familia na anaweza kukesha. Awe mtu ambaye neno lake linakubalika kwa mganga mfawidhi na kwa mkuu wa kituo cha polisi. Si lazima awe hospitalini. Lazima apokee simu, na simu hiyo iwe ya kazi, inayobaki na namba ileile hata anayeishika akibadilika. Mhudumu aliye mbele ya mtoto asikilize, atibu na aandike. Kuamua kama mtoto arudi, alazwe au apelekwe kwa mlezi mwingine kufanywe na wawili, na majina yote mawili yaandikwe pamoja na saa. Hili litachukua dakika tano. Litamlinda mtoto dhidi ya uchovu wa mtu mmoja, na litamlinda mhudumu siku atakapoulizwa mahakamani.

Kisha asubuhi. Hapa nitakawia kidogo, maana hapa ndipo kazi nzuri ya usiku hupotea. Makabidhiano ya kawaida husema: "Kesi ya mtoto kitanda namba nne, ustawi wamearifiwa." Ustawi ni nani? Taarifa ya makabidhiano itaje mtu kwa jina, si ofisi, na mtu huyo aitikie kabla aliyekesha hajaondoka. Ieleze ni nani asiyeruhusiwa kumchukua mtoto wodini, hata akija na uji na machozi. Iandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kuyasafisha. "Mjomba ananichezea usiku" ibaki hivyohivyo, isigeuzwe kuwa "anadai kudhalilishwa". Na juu ya faili iwekwe alama kwamba mtoto huyu haruhusiwi kwa sababu za kitabibu peke yake.

Kuna kundi jingine ambalo halifiki hospitalini kabisa. Nenda stendi yoyote kubwa ya mabasi usiku, iwe ile ya Magufuli pale Mbezi au ya mkoani kwako, utawaona: msichana mwenye begi moja aliyeambiwa atapokelewa apewe kazi za ndani, na aliyeahidi kumpokea hapatikani, mvulana aliyekimbia kipigo na sasa anabeba mizigo na kulala juu ya maboksi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 16 mwenye sauti nzito na harufu ya sigara ni mtoto kwa mujibu wa sheria hiyo, ingawa wengi wetu tukimwona tunashika mifuko.

Kazi ya kuwafuata vijana hawa ni ya usiku kwa asili yake, na usiku wa kwanza una thamani kuliko mwezi unaofuata, kwa kuwa wapo wengine wanaomtafuta msichana yuleyule kwa nia nyingine, nao hawangoji Jumatatu. Watumishi watoke wawili wawili, mmoja akiwa mwanamke, wakiwa na vitambulisho, na walinzi wa stendi wawe wamejulishwa mapema. Wabebe dawa za vidonda kabla ya kubeba mawaidha. Wasipige picha, sioni sababu yoyote ya kazi inayohitaji uso wa mtoto aliyelala chini kuonekana katika simu ya mtumishi. Na asiwepo wa kumchukua mtoto kwenda kulala nyumbani kwake, hata kwa huruma ya kweli.

Lakini sharti ambalo najua litawaudhi wenzangu ni hili: kabla timu haijatoka, kiongozi ahesabu vitanda. Wapo walezi wa kuaminika wangapi waliokubali kupokea mtoto usiku huu? Kikiwepo kimoja, timu imtafute aliye katika hatari kubwa zaidi. Kisipokuwepo, itoke kutibu na kusalimu, bila kumwahidi mtu pa kulala. Kijana wa stendi huzihesabu ahadi kuliko tunavyodhani. Aliyeambiwa "ngoja hapa, nitarudi na gari", akangoja hadi adhana ya alfajiri, hatamsikiliza mtu mwingine mwenye kitambulisho kwa muda mrefu.

Kwa mzazi, jirani au mwalimu anayesoma: usisubiri ofisi ifunguliwe. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, usiku na mchana, nchini Tanzania na pia Kenya. Mpeleke mtoto hospitalini mara moja. Ikiwezekana asioge wala kufuliwa nguo alizovaa kabla ya uchunguzi. Na kama ameshaoga, mlete vivyo hivyo. Ukifika, una haki ya kuomba kuzungumza faraghani. Hulazimiki kueleza mkasa dirishani mbele ya foleni. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura yasiingojee, na mhudumu anayemrudisha mtoto mlangoni kwa sababu ya karatasi aulizwe na mkubwa wake. Kumbuka pia kwamba kutoa taarifa si umbea. Sheria niliyoitaja inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki zake kuzifikisha serikali za mitaa.

Kuhusu gharama, naijua hoja. Tukiiorodhesha, orodha ni fupi: simu moja ya kazi na muda wa maongezi, mafuta, posho ya kuitwa kazini, na siku ya kupumzika kwa aliyekesha. Hiyo ya mwisho haina bei katika vitabu vya halmashauri, nayo ndiyo inayokatwa kwanza. Mtu aliyemshika mkono mtoto wa miaka mitano wakati wa uchunguzi saa tisa usiku hawezi kuwa kliniki saa mbili asubuhi akiwapima wajawazito kana kwamba hakuna lililotokea. Anahitaji usingizi, na kabla ya usingizi anahitaji mtu wa kumwuliza usiku ulikuwaje. Ningependa swali hilo liulizwe na msimamizi mwenyewe, uso kwa uso, na asiwe ameshika kalamu.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Mganga mkuu wa wilaya na afisa ustawi wake wanaweza kuketi pamoja kabla ya hapo wakiwa na daftari la zamu la miezi mitatu iliyopita, na kulisoma kwa maswali machache: kila mtoto aliyefika nje ya saa za ofisi alisubiri saa ngapi kabla ya kuonana na mtu mwenye mamlaka ya kuamua, wangapi walianza PEP baada ya kuchelewa, na walichelewa kwa sababu gani, na wangapi waliondoka wodini bila jina la aliyewapokea. Pasipokuwa na daftari la kusoma, basi kifungu cha kwanza cha bajeti kiwe hicho.